Kujipima Baada ya Kusema Mbele ya Darasa

Mtoto akiisha kusema mbele ya wenzake, huketi na kujihukumu palepale. Lakini saa ile yeye si shahidi mzuri. Moyo ungali unapiga mbio, viganja vimelowa jasho, naye hudhani kwamba wote wameuona woga wake. Sivyo. Mapigo ya moyo hayaonekani nje. Wenzake wameona mtoto amesimama anasema, basi.

Tena, sauti yake mwenyewe haisikii kama wengine wanavyoisikia. Sauti ya mwenzetu hutufikia kwa njia ya hewa tu; sauti yetu hutufikia kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa pia. Ziba masikio kwa vidole, useme neno moja: utalisikia likivuma kichwani. Kwa hiyo mtu huona sauti yake ni nene na yenye nguvu, kumbe huko nyuma wanasikia mnong'ono.

Tazama mtoto mmoja wa darasa la tano, aliyepewa kueleza safari ya mto Lualaba. Alianza vizuri: mto unapita Kongolo, unapita Kindu, na ukiisha kushuka maporomoko ya Boyoma, hapo Kisangani, unaitwa Kongo. Katikati ya maneno yake darasa likacheka. Akamaliza mbiombio, akaketi na uchungu, akisema moyoni kwamba hatasimama tena kamwe.

Jioni alimwendea mwenzake anayekaa nyuma. Hakumwuliza, "Nilisema vizuri?" maana rafiki hujibu "Ndiyo" upesi asije akamhuzunisha mtu, na jibu hilo halifundishi kitu. Alimwuliza, "Ndugu, mlicheka nini? Nawe ulinisikia mpaka wapi?"

"Tulicheka kuku. Aliingia mlangoni, akapanda juu ya kiti cha Mwalimu. Lakini baada ya Kongolo sikusikia neno, maana uligeuka, ukawa unausimulia ubao."

Basi, kile kilichomwumiza hakikuwa kosa lake, na kosa lake hakuwa amelijua.

Kesho yake walikwenda uwanjani wote wawili. Mwenzake alisimama chini ya mwembe, mbali hatua 20, naye akaanza kueleza mto tangu mwanzo. Kila sauti ilipopotea, yule wa mwembeni aliinua mkono. Safari ya kwanza mkono uliinuka mara 6 kabla ya kufika Kindu. Safari ya tatu Lualaba ulifika Kisangani, na mkono haukuinuka.