Mgeni Homa Bay au Migori: Kwa nini Dholuo haisomeki daftarini pekee

MGENI anayehamia Migori au Homa Bay kwa kazi ya miaka miwili au mitatu huambiwa mapema kwamba Kiswahili na Kiingereza vitamtosha. Katika soko la Migori, mahali ambapo Wajaluo, Wakuria, Wakisii na wachuuzi kutoka Tanzania hukutana, ushauri huo una ukweli. Lakini akifika Karungu, Ndhiwa au Mbita, atagundua kwamba wazee humjibu kwa adabu kisha hurejea Dholuo, na mazungumzo yenyewe humpita.

Ugumu wa kwanza umo katika maandishi. Dholuo huandikwa kwa irabu tano kama Kiswahili, ilhali masikio ya wenyeji hutenganisha irabu tisa. Isitoshe, kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo kwa kawaida haionyeshwi kwenye karatasi. Neno "kendo" likiandikwa laweza kuwa meko, kuoa au tena. Wingi nao una vituko vyake: mlima ni "got" na milima ni "gode", t ikageuka d, jiwe ni "kidi" na mawe ni "kite", d ikageuka t. Hapa mzaliwa wa Mombasa hana nafuu kubwa kuliko mzaliwa wa Toronto, kwani Kiswahili ni cha ukoo wa Kibantu, nayo Dholuo ni ya Kiniloti, jamaa ya Kiacholi na Kilango cha Uganda.

Hata hivyo, wageni wamewahi kuimudu. Mmisionari Mkanada wa Kiadventista, Arthur Carscallen, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Alijifunza Dholuo, akaiandikia sarufi na kutafsiri sehemu za Agano Jipya.

Palipo na ugonjwa, lugha huwa si pambo. Shirika la MSF lilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika hospitali ya Homa Bay mwaka wa 2001, wengi katika eneo hilo waliuhusisha ugonjwa huo na "chira", yaani kudhoofika kunakoaminika kumpata aliyevunja mwiko. Ukimwi wenyewe huitwa "ayaki". Daktari asiyeyajua maneno haya mawili huweza kumweleza mgonjwa vidonge kwa ufasaha, mgonjwa akaitikia kwa kichwa, kisha akarudi nyumbani kutafuta tiba ya mwiko. Mkalimani husaidia, ila mkalimani naye huona haya kutamka mambo ya unyumba mbele ya mtu anayelingana na mama yake.

Anayetaka kujifunza na aanze na salamu: "oyawore" asubuhi, "oimore" jioni. Amwite mzee "jaduong'", na asikimbilie Kiingereza kila anapochekwa. Wenyeji hucheka kwa furaha zaidi kuliko kwa dharau, nadhani.

Jambo moja husahaulika. Huko Rusinga na Mfangano, visiwa vya Homa Bay, Dholuo yenyewe ilikuja baadaye. Wasuba walikuwa na lugha yao ya Kibantu, ambayo vizazi vya karibuni vimeiacha kwa kiasi kikubwa. Mgeni akimkuta ajuza wa Mfangano anayeizungumza bado, amwombe amfundishe na hiyo.