Kila Chombo cha Shamba na Kigingi Chake

Mkulima wa Mapera, ngoro za Wamatengo husifiwa mbali, maana huzuia udongo wa mlimani usichukuliwe na maji. Ifikapo Machi nyasi hukatwa kwa nyengo, hupangwa miraba, kisha hufunikwa udongo kwa jembe. Basi ukikuta siku hiyo nyengo imeshika kutu na mpini umeliwa na mchwa, maharage yatachelewa, na mvua haimngoji mtu.

Huna haja ya kujenga ghala. Pembe moja ya nyumba isiyovuja yatosha. Pigilia ubao ukutani, juu mtoto asipofikia, utie vigingi viwili kwa kila chombo. Kichwa cha jembe kikae juu ya vigingi, mpini ukining'inia bila kugusa sakafu, mchwa wasiupande. Nyengo, panga na mkasi wa kupogolea mibuni vielekezwe makali ukutani. Kila jioni futa udongo, kausha, kisha paka chuma mafuta kidogo.

Lakini bomba la kunyunyizia mibuni na dawa zake visikae hapo, wala karibu na chakula. Vifungie kwa kufuli peke yake, na dawa ibaki katika chombo ilichonunuliwa nacho. Ukiitia katika chupa ya soda, mtoto ataidhania soda, naye ataangamia.

Tena, ukiona kigingi kitupu jioni, jua kwamba chombo kimebaki shambani. Kifuate kabla ya umande.