Askari na Wapagazi: Tuwakumbuke kwa Majina

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: ASKARI, MPAGAZI, JINA. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Leo tutazungumza juu ya wazee wetu waliokwenda vitani, na namna ya kuwakumbuka.

Aliyefika katikati ya mji wa Dar es Salaam bila shaka ameiona Sanamu ya Askari. Ni askari wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Chini yake pana maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawataja askari, na wapagazi pia yanawataja. Lakini zunguka sanamu yote, usome pande zote: hutaona hata jina moja la askari au mpagazi.

Mpagazi ni nani? Ni mtu achukuaye mizigo. Katika vita ile barabara zilikuwa chache, na reli haikufika kila mahali. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Basi chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, naye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo ngapi? Kilo 20. Askari aliye mbele atapata kilo ngapi? Tano tu. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi wengi zaidi walitakiwa, na posho yao ikazidi kupunguzwa. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000. Waliouawa na risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani nao walikuwako askari na wapagazi Waafrika, nao waliteseka vivyo hivyo.

Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wetu walilitamka jina hilo Kariakoo. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa mahali palipo na soko la Kariakoo. Basi mtu anunuaye nyanya na dagaa pale hulitaja jina la wapagazi kila siku, pengine bila kujua.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939. Askari wa Afrika Mashariki, walioitwa Keya, walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Wengine hawakufika. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Ndugu wanafunzi, mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya askari wa Uingereza na makoloni yake ilitoa taarifa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita ya Kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Maofisa wengi wa Kizungu walichongewa majina juu ya mawe. Mpagazi alihesabiwa kama mzigo: wangapi wamekuja, wangapi wamebaki.

Je, sisi tutafanya vizuri zaidi? Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Huko Kaboya, mkoani Kagera, yako makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Wenzao waliorudi wazima wamekuwa wazee sasa. Pengine mmoja anaishi jirani yako, na watoto wanamjua kuwa mzee wa fimbo tu.

Zamani ungeweza kusema, "Mimi sijui kuandika." Leo huwezi kusema hivyo. Kalamu unayo. Mwendee mzee huyo kwa heshima. Mpigie hodi, mwamkie, kaa naye. Asipopenda kusimulia, usimlazimishe. Yako mambo mazito ya kusema. Akikubali, andika mambo manne:

Jina lake kamili.
Kijiji alichozaliwa.
Mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi.
Jina la mwenzake mmoja asiyerudi.

Hilo la nne usilisahau. Huenda halimo katika karatasi nyingine yoyote duniani.

Kisha msomee mzee uliyoyaandika, ayasahihishe. Andika nakala mbili: moja abaki nayo yeye, nyingine itunzwe darasani.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini wapagazi walihitajika?
2. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
3. Nani katika ukoo wako alikwenda vitani? Andika jina lake.

Kama swali la tatu huna jibu, usione haya. Kamwulize bibi au babu leo jioni, kabla ya taa kuzimwa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.