Kuingia Si Kupatana: Somo juu ya Kuchaji Redio Ndogo Safarini

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kukaa, na karani wenu ana kalamu mkononi. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho wasafiri wengi hukitia mfukoni bila ya kukifikiria, nacho ni chaja. Kila aliye na chaja ya redio au ya simu na aiweke hapa katikati, maana hicho ndicho kitabu chetu cha leo.

Nitaanza kwa habari niliyopewa na mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mama huyo alikuwa na redio ndogo ya mkononi, aina ile inayopiga nyimbo kutoka katika memori kadi. Ndani ya kadi hiyo mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma za Kisukuma. Siku moja alisafiri kwa basi, akavuka mpaka pale Rusumo, akafika Kigali kuonana na wateja wake. Usiku, katika nyumba ya wageni, alitaka kuchaji redio yake. Plagi yake ilikuwa na miguu mitatu bapa, lakini ukutani aliona matundu mawili ya mviringo. Mgeni wa chumba cha pili akamwazima chaja nyingine. Miguu yake iliingia ukutani vizuri, na ncha ya waya iliingia katika redio vizuri. Mama akashukuru, akachomeka, akaenda kuoga. Aliporudi alikuta harufu ya kuungua. Redio ilikuwa imekufa, na kadi haikusomeka tena. Nakala nyingine ya ile sauti hakuwa nayo.

Kosa lilikuwa wapi? Umeme wa Kigali haukuwa na kosa. Nguvu yake ni volti 230, sawasawa na wetu wa Mwanza. Kosa lilikuwa katika chaja ile ya kuazima. Ilikuwa ya kifaa kingine, nayo ilitoa volti 12, hali redio ya mama ilitaka volti 5 tu. Hapo ndipo penye somo letu: kuingia si kupatana. Kabla ya kuchomeka, yapasa kutazama mambo matatu.

Jambo la kwanza ni umbo la matundu. Matundu yetu ya miguu mitatu bapa yalitoka Uingereza, ambako kipimo chake kilitangazwa mwaka 1947. Kwa kuwa Tanganyika, Kenya na Uganda zilitawaliwa na Waingereza, ukienda Kampala au Nairobi utakuta matundu kama ya kwako. Lakini Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji hata mwaka 1962, na huko, kama ilivyo Kongo, utakuta matundu ya mviringo. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai hawapati shida, maana huko nako hutumia miguu mitatu bapa. Wanaokwenda Guangzhou, nchini China, watakuta matundu ya namna nyingine kabisa.

Dawa ya shida hii ni adapta, yaani kile kitu kidogo kinachopokea plagi ya namna moja na kuingia ukutani kwa namna nyingine. Lakini fahamuni vizuri: adapta ya kawaida hubadili umbo tu, haibadili nguvu ya umeme. Ni kama mkalimani anayebadili lugha lakini habadili habari.

Tena nawaonya juu ya desturi moja ya hapa kwetu. Mtu mwenye plagi ya miguu miwili hutia kijiti au kalamu katika tundu la juu, kisha huisukuma plagi kwa nguvu. Tundu lile la juu ni la mguu mrefu, na mguu huo ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Vifuniko hivyo viliwekwa ili watoto wasiingize vitu penye umeme. Plagi iliyolazimishwa hivyo haishiki sawasawa. Hulegea, hutoa cheche, hupata moto, na huweza kuunguza nyumba. Na yule anayetumia msumari au kijiko anacheza na uhai wake.

Jambo la pili ni nguvu ya umeme unaoingia. Volti tuzifananishe na msukumo wa maji ya bomba. Tangi likiwa juu ya vilima vyetu vya mawe, maji hushuka kwa nguvu nyingi. Likiwa chini, hushuka kwa nguvu ndogo. Hapa kwetu umeme ni volti 230. China ni volti 220. Lakini Marekani ni volti 120, na Japani ni 100.

Sasa chukueni chaja zenu, mtazame maandishi madogo yaliyo juu yake. Tafuteni neno INPUT, maana yake umeme unaoingia. Ikiwa mbele yake pameandikwa 100-240V, 50/60Hz, chaja hiyo yaweza kutumika karibu kila nchi duniani, mradi uwe na adapta ya umbo linalofaa. Chaja nyingi za siku hizi ni za namna hiyo. Lakini ikiwa pameandikwa 120V peke yake, kama zilivyo redio nyingine zinazoletwa na ndugu zetu kutoka Marekani, usiichomeke hapa Mwanza hata adapta ikiingia. Msukumo utakuwa karibu mara mbili, na katika waya wa kawaida wa joto, msukumo ukiwa mara mbili joto huwa mara nne. Kifaa cha namna hiyo chahitaji transfoma ya kupunguza umeme.

Jambo la tatu ndilo lililomponza yule mama. Tazameni neno OUTPUT, maana yake umeme unaotoka kwenda katika redio. Volti zilizoandikwa hapo lazima ziwe sawa na zile zilizoandikwa nyuma ya redio. Ikiwa redio yataka 5V, mpe 5V. Pembeni mtaona pia ampea, zenye alama A. Ampea za chaja zikiwa nyingi kuliko za redio si neno, maana redio huchukua kiasi inachohitaji. Volti ndizo zisizoongezwa. Na kama ncha ya waya ni ya mviringo, tazameni pia mchoro mdogo wenye alama za + na −. Mchoro wa chaja na wa redio lazima ufanane. Redio inayochajiwa kwa waya wa USB ina nafuu, maana tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 popote uendapo.

Chaja isiyo na maandishi yoyote, au ambayo maandishi yake yamefutika, iacheni. Bei yake ni rahisi, lakini hamna njia ya kujua itatoa nini.

Neno moja kwa wanaopanda ndege. Pawabenki haitiwi katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege; hubebwa mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto lazima watu waione mara moja. Ile isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa bila ya kibali maalum. Hesabu yake ni hii: zidisha mAh kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1000. Ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, basi yaruhusiwa. Lakini uliza kwanza shirika lako, maana mengine hukataza kuitumia humo ndani.

Mwisho, kabla ya safari, nakilini nyimbo na sauti mnazozipenda katika kadi ya pili, mwiache nyumbani. Redio hununuliwa tena pale mjini siku yoyote. Sauti ya mzazi aliyefariki hainunuliwi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kila mtu asome INPUT na OUTPUT ya chaja yake. Ni zipi zinazofaa Kigali? Ni zipi zinazofaa Marekani?

2. Adapta hubadili nini, na haibadili nini?

3. Yule mama angalitazama maandishi gani kabla ya kuchomeka?

4. Ni nani katika kikundi aliye na sauti au nyimbo zisizo na nakala? Atazinakili lini?

Karani na aandike majibu. Kwa leo somo limekwisha. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hata juma lijalo.