Kisu Hakiisambazi: Njia za Saratani ya Tumbo Mwilini

Katika Chidya, kama katika vijiji vingi vilivyo kati ya Masasi na Newala, maumivu ya chembe cha moyo hupewa jina moja tu: vidonda vya tumbo. Mgonjwa hununua vidonge vya kupunguza asidi katika duka la dawa na kupata nafuu kwa majuma kadhaa. Maumivu yakirudi, naye hurudi dukani. Kwa wengi jina hilo ni sahihi na dawa hizo zinafaa. Kwa wachache kidonda hicho ni saratani, na nafuu ya vidonge huweza kuisitiri kwa miezi. Hatimaye mgonjwa hupelekwa Mkomaindo mjini Masasi, au Ndanda, akiwa amekonda, akishiba kwa matonge mawili, pengine akitapika chakula alichokula jana. Hapo ndipo upasuaji unapotajwa, na hapo ndipo wazee wa ukoo huketi kikao. Kauli inayosikika katika vikao vya namna hiyo, si Makondeni tu bali nchi nzima, ni kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa.

Kauli hiyo haikuzuka bure. Imejengwa juu ya jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao: ndugu alipasuliwa, akashonwa, na baada ya majuma machache akafariki. Wasichokiona ni kile ambacho daktari alikikuta. Mara nyingi alipofungua tumbo alikuta utando wake umetapakaa vinundu vyeupe mithili ya punje za mchele, na ini limejaa mabaka. Akafunga bila kukata kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu ambacho kukikata kungemponya mgonjwa. Saratani ilikuwa imekwisha kusafiri kabla ya kisu kufika.

Kiswahili hutumia neno tumbo kwa mambo mawili: sehemu yote ya mwili iliyo chini ya mbavu, na mfuko wa chakula ulio ndani yake. Saratani inayozungumziwa hapa huanza katika mfuko huo, kwenye ngozi laini ya ndani. Ukuta wa mfuko una tabaka kadhaa: ngozi hiyo, kisha tishu legevu yenye mishipa mingi, kisha misuli, na nje kabisa utando mwembamba. Saratani iliyo bado katika tabaka mbili za kwanza huitwa ya awali. Nchini Japani, ambako watu wengi hupimwa kabla hawajaugua, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wanaogunduliwa katika hatua hiyo huishi miaka mitano au zaidi. Tatizo ni kwamba katika hatua hiyo mtu haumwi, au huumwa kidogo tu, kwa namna ambayo kidonge hutosha kuituliza.

Ikishapenya hadi tabaka la pili, saratani hukutana na mishipa ya limfu, yaani mifereji midogo inayokusanya majimaji ya mwili na kuyapitisha katika tezi. Seli zilizobanduka huchukuliwa na majimaji hayo. Kwanza hukwama katika tezi zilizo kando ya mfuko wenyewe, halafu zilizo karibu na mshipa mkuu wa damu nyuma yake. Kutoka hapo mfereji mkuu wa limfu hupanda kifuani hadi shingoni na kumwaga maji yake katika mshipa wa damu, upande wa kushoto. Ndiyo sababu saratani iliyoanzia chini ya mbavu yaweza kuonekana kwanza kama tezi ngumu, isiyouma, juu ya mtulinga wa kushoto. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika habari za tezi hiyo mwaka 1848, naye hakuwa na eksirei wala ultrasaundi. Eksirei yenyewe iligunduliwa karibu miaka hamsini baadaye.

Kitovu nacho hutoa habari. Katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtawa Mary Joseph Dempsey alikuwa msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo. Alipokuwa akisafisha ngozi ya wagonjwa kabla ya upasuaji alitambua kwamba wale wenye kinundu kigumu kitovuni walikuwa na saratani iliyokwisha kuenea tumboni. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Hamilton Bailey alikipa kinundu hicho jina la mtawa huyo. Si kawaida vitabu vya tiba kumkumbuka aliyeshika sabuni na maji.

Njia ya damu ni fupi zaidi. Damu yote itokayo katika mfuko wa chakula hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Kwa hiyo ini ndilo kiungo ambacho seli zinazosafiri kwa damu hukifikia kwanza, na baada yake mapafu, na wakati mwingine mifupa.

Njia ya tatu haihitaji mshipa wowote. Saratani ikitoboa utando wa nje wa mfuko, seli hudondoka ndani ya tumbo na kujishikiza popote: juu ya utumbo, juu ya utando wa tumbo, chini kabisa nyuma ya kibofu. Utando uliojaa vinundu hutoa maji, na tumbo huvimba wakati mikono na uso vinazidi kukonda. Mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hudhaniwa kuwa umetokana na kurogwa. Kwa wanawake seli huweza kuota katika ovari, hata mgonjwa akatibiwa uvimbe wa uzazi ilhali chanzo kiko juu. Aina ya saratani inayotambaa ndani ya ukuta bila kufanya donge, ambayo huwapata pia vijana, hupenda zaidi njia hii.

Hata hivyo si kila seli inayosafiri huota. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa London, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akasema seli ni kama mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini humea katika udongo unaozifaa tu. Mkulima wa Newala hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mkorosho na muhogo hustawi katika mchanga wa uwanda wa juu. Mpunga huusubiri unyevu wa bondeni.

Kuhusu kisu, ni kweli kwamba madaktari huchukua hadhari seli zisimwagike wanapokata. Lakini kinyofu kinachochukuliwa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ni kidogo kuliko punje ya mchele, nacho hutolewa ndani ya mfuko, si nje yake. Hakuna njia nyingine ya kutofautisha kidonda na saratani kwa hakika. Theodor Billroth wa Vienna alipoondoa kwa mafanikio sehemu ya mfuko wa chakula yenye saratani, Januari 1881, mgonjwa wake alipona jeraha, akala, akatembea. Alifariki Mei mwaka huo kwa saratani iliyokuwa imeenea. Karne moja na ushei baadaye, madaktari wa Bugando jijini Mwanza walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 232 wa saratani hii: zaidi ya tisa kati ya kumi walifika hospitali wakiwa katika hatua za mwisho mbili.

Mganga wa zahanati asiye na kifaa chochote anaweza kupapasa juu ya mtulinga wa kushoto, kugusa kitovu, kutafuta ukingo wa ini na kupima kama tumbo lina maji. Akikuta kitu, huandika hivyo katika barua ya rufaa. Asipokuta kitu, lakini mgonjwa amevuka miaka 40, anakonda, anatapika, ana choo cheusi kama lami au amepungukiwa damu, barua ni ya haraka zaidi, kwa sababu huyo huenda bado ana mfuko unaoweza kukatwa. Yule ambaye saratani yake imekwisha kusambaa naye ana tiba: tibakemikali inayoweza kumwongezea miezi, maji ya tumboni kutolewa kwa sindano, njia mpya ya chakula kushonwa pale ya zamani ilipoziba ili uji upite, na mofini ya kunywa kwa maumivu ya usiku.