Unachukia hisabati? Tafuta pale ulipopotelea

UKITAKA kuua stori kwenye bweni lolote la sekondari, uliza tu nani amemaliza kazi ya hisabati. Wengine watajifanya hawakusikia, na hutakosa mmoja wa kusema kwa majivuno kidogo: “Mimi na hesabu hatupatani.”

Ajabu ni kwamba hakuna anayejigamba kwamba hajui kusoma. Lakini kushindwa na hesabu tumekufanya utani. Nyuma ya utani huo kuna uchungu wenyewe: dakika 40 za kunakili ubaoni kitu usichokielewa, huku ukiomba Mungu mwalimu asikutaje jina.

Kwa wengi, ndoto imekuwa moja tu: siku ya kuliacha hili somo. Pole sana, mlango huo umefungwa. Katika KCSE hisabati ni lazima, karatasi mbili za saa mbili na nusu kila moja. Hata gredi ya jumla ilipobadilishwa namna ya kukokotolewa mwaka 2023, kilichobaki lazima ni hisabati na lugha moja, kisha masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi.

Wadogo wetu wa CBE nao walikuwa wameona mwanya. Mpango wa awali uliwaruhusu wasiochagua mkondo wa sayansi na teknolojia kuliacha somo hilo wakifika sekondari pevu. Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi atalisoma: walio katika mkondo wa STEM wapate hisabati kamili, wengine wapate iliyorahisishwa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia darasani Januari 2026.

Kama huwezi kuhepa, basi tuulize swali la maana: chuki hii ilianzia wapi?

Mara nyingi haikuanza na somo lote. Ilianza na mada moja. Historia unaweza kukosa sura ya tatu na bado uielewe ya nne. Hisabati haikubali hivyo. Ukikwama kwenye sehemu, zile nusu na robo za shule ya msingi, aljebra itakusumbua. Aljebra ikikusumbua, grafu na logi zitakuwa Kichina. Mwalimu wa Kidato cha Tatu anakimbizana na silabasi, hawezi kujua kwamba shida yako ina umri wa miaka sita.

Chukua mfano huu. Wengi wakipewa 1/2 + 1/2 kwa haraka hujumlisha juu na chini, wakapata 2/4. Lakini 2/4 ni nusu! Yaani umepewa nusu chapati, ukaongezwa nusu nyingine, na bado unasema una nusu chapati? Mezani hakuna anayeweza kukudanganya hivyo. Kwenye karatasi tunajidanganya wenyewe, kwa sababu tulikariri hatua bila kuona chapati.

Hapo ndipo ukweli mwingine unajitokeza: wengi wanaosema hawajui hesabu wanazifanya kila siku. Makanga anakusanya nauli kwenye matatu iliyojaa, mmoja amempa Sh200, mwingine Sh1,000, na chenji inarudi sawasawa kabla ya kituo kifuatacho.

Mwaka 1985, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliouza bidhaa mitaani na sokoni Recife, Brazil. Walipoulizwa hesabu kama wateja wanavyouliza, watoto hao walipata asilimia 98. Walipopewa hesabu zizo hizo kwa karatasi, bila nazi wala pesa, wakashuka hadi asilimia 37. Zilipowekwa ndani ya hadithi fupi, wakapanda hadi asilimia 74. Akili ni ile ile. Kilichobadilika ni namna swali lilivyoulizwa.

Usidhani basi hesabu za mtaani zinatosha. Chukulia umekopa Sh1,000 kwa simu, ada asilimia 10 kwa mwezi. Inasikika kidogo, ni Sh100 tu. Ukilipa ada hiyo pekee kila mwezi ili uongezewe muda, baada ya mwaka umetoa Sh1,200 na ile elfu moja bado unadaiwa. Asiyeijua asilimia ndiye mteja anayependwa zaidi.

Sasa ufanye nini? Kwanza, rudi nyuma bila aibu. Chukua kitabu cha darasa la sita au la saba, fanya maswali ya kila mada hadi ufike pale mkono unapoanza kusita. Hapo ndipo ulipopotelea. Kaa hapo wiki mbili, hata kama wenzako wako kwenye vekta.

Pili, badilisha swali unalomuuliza mwalimu. “Sielewi” haimsaidii. Mwonyeshe mstari ulipokwamia: “Hapa, hii alama ya kutoa imegeukaje kuwa kujumlisha?” Hilo anaweza kulijibu kwa dakika mbili, hata kwenye korido.

Tatu, usiwahi kuacha swali wazi. Katika KCSE kuna alama za njia, si za jibu pekee. Mwenye hatua mbili sahihi na jibu baya huokota kitu. Mwenye karatasi nyeupe hupata duara.

Na ninyi walimu na wazazi, mkimwita mtoto mzembe, hamjajua bado alikwama wapi. Mketisheni na kalamu, mumwache afanye swali moja huku akieleza kwa sauti. Mahali atakaponyamaza, anzieni hapo.