Fahamu: Kwa nini Tanzania haikujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki

COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tuliiacha mwaka 2000. Kwa hiyo 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana bila Tanzania, swali la kujitoa kwenye Jumuiya halikuwa mzaha. Novemba 7, Rais Kikwete aliliambia Bunge: hatutoki. Ubishi ulikuwa juu ya ardhi, ajira na kasi ya kuelekea shirikisho la kisiasa.

Mpakani nako, miezi michache kabla ya hotuba hiyo, Operesheni Kimbunga ilisaka wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma. Bungeni Dodoma, neno “mhamiaji” ni jepesi. Huku Katubuka, Kigoma, Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Anayekagua vitambulisho kwenye kizuizi akimsikia bibi mwenye kapu la dagaa akisalimia, atamjuaje Mrundi? Wakazi wengine wana shangazi ng’ambo ya mpaka.